Kitanda Usichokilalia: Historia Fupi ya "Kosa la Mtumiaji"

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu katika ofisi moja ya umma kufuatilia taarifa zake. Shangazi ni mwalimu mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma na kuandika, na mwandiko wake hadi leo ni wa kupigiwa mfano. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kufika katika dirisha lile. Mara mbili za mwanzo alirudishwa kwa jibu lilelile: taarifa alizojaza kwenye mfumo hazioani na cheti chake cha kuzaliwa, hivyo akajaze upya. Naye alikwenda, akalipia tena huduma katika duka la intaneti, akajaza upya kwa uangalifu uleule, akapanda tena daladala mbili kurudi. Kijana aliyekuwa dirishani alimwamkia kwa heshima, akatazama kompyuta yake, kisha akasema kwa upole, "Bibi, umekosea tena."

Tulipokaa pembeni niliomba nione alichojaza. Shangazi alizaliwa tarehe 7 mwezi wa 9. Aliandika kama alivyoandika maisha yake yote, na kama alivyowafundisha wanafunzi wake: 07/09. Mfumo, ambao ulitengenezwa kwa mazoea ya watu wanaotanguliza mwezi, ulisoma tarehe 9 mwezi wa 7. Haukuuliza wala haukuonya. Ulipokea tarehe hiyo kimya kimya na kuihifadhi. Laiti angalizaliwa tarehe 23, mfumo ungalimkatalia palepale, kwa kuwa hakuna mwezi wa 23, na tatizo lingalijulikana siku ya kwanza.

Nilirudi dirishani kueleza nilichokiona. "Ndivyo mfumo unavyotaka, dokta," alinijibu yule kijana. "Wengi wanakosea hapohapo."

Kauli hiyo ya mwisho ilinikaa moyoni. Ikiwa wengi wanakosea mahali pamoja, kasoro iko kwa hao wengi au iko mahali hapo? Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya shangazi tulipokuwa tukisubiri. "Labda ni uzee, mwanangu," alisema. "Akili haishiki tena." Mwanamke aliyewafundisha mamia ya Watanzania kuandika tarehe alikuwa ameshaamini kwamba hajui kuandika tarehe.

Makala hii ni historia ya swali lile la dirishani. Ipo taaluma inayoitwa usanifu wa bidhaa na uzoefu wa mtumiaji. Wanafunzi wangu wengi huidhani kuwa ni kazi ya kuchagua rangi na kupanga picha kwenye simu. Historia yake inasema vingine. Taaluma hii ilikua kutokana na ajali, na tangu mwanzo imekuwa mjadala kuhusu jambo moja: mtu anapokosea kutumia kitu, lawama imwendee nani? Swali la lawama ni swali la madaraka, na kwa sababu hiyo ninaamini linawahusu wanaharakati na watumishi wa umma kuliko linavyowahusu wauza simu.

Marubani waliokosea

Tuanze mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani lilikuwa linapoteza ndege kwa namna ya ajabu. Ndege za mabomu za B-17 zilikuwa zinarudi salama, zinagusa ardhi vizuri, kisha ghafla magurudumu yanakunjwa na ndege inalala kwa tumbo kwenye njia yake. Rubani alikuwa amekusudia kurudisha vibawa vya nyuma ya bawa, vile vinavyoiwezesha ndege kutua kwa mwendo mdogo. Badala yake alikuwa amekunja magurudumu. Taarifa za ajali ziliandika sababu fupi: kosa la rubani. Dawa ya kosa la rubani ilijulikana pia. Ni karipio, mafunzo zaidi, au kumchagua rubani mwingine.

Mwanasaikolojia kijana, Luteni Alphonse Chapanis, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya tiba ya anga ya jeshi huko Wright Field, Ohio, alitazama jambo hili kwa jicho tofauti. Badala ya kuwachunguza marubani alikichunguza chumba chao. Akakuta kwamba katika B-17 swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa zilikuwa zimekaa bega kwa bega, zikifanana kama mapacha. Katika ndege ya usafirishaji ya C-47 vidhibiti hivyo havikufanana hivyo, na marubani wake, waliofunzwa na jeshi lilelile, hawakuwa wakifanya kosa lile. Basi tatizo halikuwa akili ya mtu. Mtu aliyerudi kutoka vitani, amechoka, mkono wake unapapasa bila macho kutazama, alikuwa amewekewa mtego.

Dawa ya Chapanis ilikuwa nyepesi. Kwenye kidhibiti cha magurudumu aliweka kigurudumu kidogo cha mpira, na kwenye kile cha vibawa akaweka umbo la kabari lililofanana na bawa. Sasa mkono wenyewe uliweza kujua umeshika nini. Hadi leo kanuni za usafiri wa anga zinataka kidhibiti cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu, na cha vibawa kiwe na umbo la bawa.

Mwaka 1947 wanasaikolojia wengine wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walitoa ripoti iliyochambua visa 460 vya makosa katika kutumia vidhibiti vya ndege. Katika kichwa cha ripoti hiyo maneno "kosa la rubani" waliyafunga ndani ya alama za kunukuu, na nadhani alama hizo mbili ndogo zina uzito kuliko vitabu vingi. Waliwaomba marubani wasimulie wenyewe walivyokosea au walivyoponea chupuchupu. Walipoyapanga masimulizi hayo walikuta kwamba makosa hayakutawanyika ovyo. Karibu nusu yalikuwa ya aina moja, yaani kukishika kidhibiti kimoja badala ya kingine.

Hapa ndipo lilipozaliwa wazo la kwanza la taaluma hii, na ningependa msomaji alishike: makosa ya watu yana mpangilio, na mpangilio huo unatuonyesha kasoro ya kitu wanachokitumia. Njia ya kuugundua ni kumsikiliza aliyekosea, bila kumtisha. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fitts na Jones waliwauliza wanaolala juu ya kitanda.

Taa isiyosema kweli

Wazo hilo halikuenea haraka nje ya jeshi. Miaka thelathini na miwili baadaye, alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilifunguka kupunguza shinikizo kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama bila kujifunga. Maji ya kupoza kinu yakaanza kupotea. Kwenye chumba cha kuongozea mitambo kulikuwa na taa ya kuwaonyesha wafanyakazi hali ya vali hiyo. Taa ilikuwa imezimika, nao wakaelewa kwamba vali imefungwa.

Taa ile, hata hivyo, haikuwa inaonyesha hali ya vali. Ilikuwa inaonyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa. Tofauti kati ya "amri imetumwa" na "amri imetekelezwa" ilikaribia kuwa maafa, kwani vali ilibaki wazi kwa zaidi ya saa mbili. Wafanyakazi, huku zaidi ya ving'ora mia moja vikilia kwa wakati mmoja, walidhani kinu kina maji mengi kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura. Sehemu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Kila mtumishi wa umma anayesoma hapa anaijua taa hiyo. Ni sawa na ripoti inayosema waraka umetumwa wilayani, ikahesabika kuwa maagizo yamefika kijijini.

Rais Jimmy Carter aliunda tume chini ya John Kemeny. Ingekuwa rahisi kuwaangushia jumba bovu wafanyakazi wa zamu. Tume ilitaja makosa yao, lakini haikuishia hapo. Ilinyoosha kidole kwenye mafunzo waliyopewa, chumba walichotengenezewa, kampuni na wasimamizi wa serikali. Miongoni mwa wataalamu walioitwa baadaye kuvitazama vyumba vile vya kuongozea mitambo alikuwa mwanasaikolojia Donald Norman. Aliondoka akiamini kwamba kama mtu angekusudia kuwakosesha watu, asingeweza kutengeneza chumba kizuri kuliko kile.

Lugha ya vitu

Mwaka 1988 Norman alichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya vitu vya kila siku, ambacho ndicho kiliwapa wengi msamiati wa kuzungumzia jambo hili. Hakuanza na nyuklia. Alianza na milango, mabomba ya maji na swichi za taa. Nitaeleza dhana zake kuu kwa Kiswahili cha kawaida, kisha tuzipime kwenye tarehe ya kuzaliwa ya shangazi yangu.

Dhana ya kwanza ni uwezekano, yaani kile ambacho kitu kinamruhusu mtu fulani kukifanya. Kigoda kinakalika. Kwa mtoto mchanga hakikaliki. Kwa hiyo uwezekano haumo ndani ya kitu peke yake, umo katika uhusiano wa kitu na mtu. Norman aliichukua dhana hii kwa mwanasaikolojia James Gibson. Ya pili ni ishara, kinachomwambia mtu uwezekano uko wapi. Sote tumewahi kuvuta mlango unaosukumwa kwa sababu ulikuwa na mshikio wa kuvutia. Mlango ulitudanganya, nasi tukaona haya mbele za watu.

Ya tatu ni ulinganifu wa mpangilio. Jiko lenye mafiga manne na vitufe vinne vilivyopangwa kwa mstari humfanya mpishi abahatishe kila siku ni kitufe kipi cha figa lipi. Ya nne ni mrejesho, yaani kitu kukujulisha kilichotokea baada ya kitendo chako, kwa ukweli na kwa wakati. Taa ya Three Mile Island ilitoa mrejesho wa uongo. Ya tano ni kizuizi, kinachokuzuia kufanya lisilofaa kabla hujalifanya. Ya sita ni picha ya akilini: namna mtu anavyodhani kitu kinafanya kazi. Mtengenezaji anayo picha yake, mtumiaji anayo yake, na kwa kawaida hawaonani kamwe. Wanazungumza kupitia kitu chenyewe.

Sasa turudi dirishani. Fomu ile haikuwa na ishara ya kueleza kipi kinatangulia, siku au mwezi. Haikuwa na kizuizi cha kukamata tarehe zenye utata. Haikutoa mrejesho, ingalitosha kuandika chini yake kwa maneno, "Umezaliwa tarehe 9 Julai. Ni sahihi?" Na picha ya akilini ya aliyeitengeneza ilikuwa ya nchi nyingine. Ungalimpa mwezi kwa jina lake, Septemba, badala ya namba, tatizo lote lingaliyeyuka. Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa mtaalamu wa kompyuta. Gharama ya kutoifanya imelipwa na wastaafu, kwa nauli zao.

Norman alisisitiza jambo moja zaidi: watu wanaposhindwa kutumia vitu vya kila siku, hujilaumu wenyewe. Hawalalamiki. Huona aibu na kunyamaza, na kwa kuwa kila mmoja ananyamaza kivyake, mtengenezaji hapati habari kwamba kitu chake ni kibovu. "Labda ni uzee, mwanangu." Ukimya huo ndio unaoyalinda mabaya mengi, na si katika kompyuta tu.

Mwaka 1993 Norman alijiunga na kampuni ya Apple, na huko akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kubeba maneno "uzoefu wa mtumiaji" katika cheo cha kazi. Alitaka neno pana kuliko kiolesura, kwa kuwa mtu hakutani na skrini tu. Anakutana na safari nzima, tangu aliposikia habari za huduma hadi alipoipata au kuikosa. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha usanifu unaomweka binadamu katikati, ISO 13407, ambacho mwaka 2010 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 9241-210. Lililokuwa wazo la luteni mmoja likawa kiwango cha dunia.

Kura 537

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya wahandisi atazame uchaguzi wa Rais wa Marekani wa tarehe 7 Novemba 2000. Katika kaunti ya Palm Beach, Florida, wapo wapigakura wengi wazee. Msimamizi wa uchaguzi, kwa nia njema kabisa, alitaka herufi ziwe kubwa ili wazisome. Majina yakashindwa kuenea upande mmoja, hivyo yakagawanywa pande mbili kama mabawa ya kipepeo, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati.

George W. Bush, wa kwanza upande wa kushoto, alikuwa na tundu la kwanza. Al Gore, wa pili upande huohuo, hakuwa na tundu la pili. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, wa kwanza upande wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Hapo ulinganifu wa mpangilio ulivunjika, na mchana huohuo wapigakura walianza kutoka vituoni wakihofia kwamba wamempa kura wasiyemtaka. Kura zaidi ya 19,000 za urais katika kaunti hiyo ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. Buchanan alipata zaidi ya kura 3,400 katika ngome ya wapinzani wake, hata yeye mwenyewe akakiri hadharani kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Uchambuzi wa wanasayansi ya siasa uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba zaidi ya wapigakura 2,000 waliokusudia kumchagua Gore walimpa Buchanan.

Bush alitangazwa mshindi wa Florida, na hivyo Rais wa Marekani, kwa tofauti ya kura 537.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema leo, kwamba mtu asiyeweza kusoma karatasi ya kura ajilaumu mwenyewe. Ni sauti ileile ya mwaka 1943. Lakini tukio hili lina funzo la ziada. Karatasi ile haikuwa siri. Sampuli yake ilionekana kabla ya siku ya kura. Watu waliitazama. Hakuna aliyewakalisha wazee kadhaa, akawapa kitu cha kutobolea, akawaambia, "Mchagueni mnayemtaka," kisha akahesabu. Kukitazama kitu si kukitumia, na nia njema si kipimo.

Nani anakaa mezani?

Hadi hapa nimesimulia historia kana kwamba ni ya wataalamu wema wanaowahurumia watumiaji. Upo mkondo mwingine, na kwa wanaharakati huu ni muhimu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Norway, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alianza kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali. Nygaard hakuwa mtu mdogo. Yeye na Ole-Johan Dahl ndio walioiunda lugha ya programu ya Simula. Wafanyakazi walikuwa wanaona kompyuta zinaingia viwandani bila wao kuulizwa. Mradi haukuwatengenezea mashine. Uliwajengea uwezo wa kuielewa teknolojia ili waweze kujadiliana na waajiri. Mwaka 1975 vyama vya wafanyakazi na waajiri nchini humo vilitia saini makubaliano ya kitaifa yaliyowapa wafanyakazi haki ya kujulishwa na kushiriki katika maamuzi ya mifumo ya kompyuta.

Kati ya 1981 na 1985 mradi ulioitwa UTOPIA uliwaunganisha watafiti wa Sweden na Denmark na wachapaji wa magazeti. Mashine waliyotaka kuibuni ilikuwa haijapatikana bado. Wakatengeneza ya mbao na maboksi. Boksi tupu likaandikwa kuwa printa ya leza, na mchapaji akafanya kazi yake mbele yake kana kwamba ni printa kweli. Kila alipokwama, boksi lilihamishwa au kubadilishwa. Kwa karatasi na gundi, mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta aliweza kusahihisha kompyuta kabla haijazaliwa.

Mkondo huu unatufundisha tofauti kati ya kumsanifia mtu na kusanifu naye. Ushiriki ule haukuwa hisani. Uliletwa na vyama vyenye nguvu ya kusema hapana. Pasipo nguvu hiyo, "kumshirikisha mwananchi" hubaki kuwa semina yenye chai, vitafunwa na orodha ya mahudhurio.

Na hapa kwetu? Tunao mfano ambao dunia nzima huusoma. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza jaribio nchini Kenya, katika Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wazo la Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone lilikuwa kuwawezesha wakopaji kurejesha mikopo yao kwa simu. Washiriki hawakufika 500. Lakini watu walianza kuutumia mfumo kwa mambo ambayo hawakuelekezwa. Walitumiana fedha wao kwa wao. Waliwanunulia ndugu walioko mbali muda wa maongezi. Wafanyabiashara walilipana.

Katika ofisi nyingi ninazozifahamu, hayo yangeandikwa kama matumizi mabaya ya mfumo. Wasimamizi wa jaribio lile waliyasoma kama ujumbe. Watu wa mijini wana wazazi kijijini, na fedha zilikuwa zinasafiri ndani ya bahasha kwa mkono wa kondakta au jamaa anayeelekea huko. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, urejeshaji wa mikopo haukuwa tena kiini chake. Tangazo lilisema jambo moja: tuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ikavuka mpaka kuja Tanzania. Huduma inayotajwa kama ubunifu mkubwa wa Afrika Mashariki iliokolewa na watumiaji "waliokosea", na na wasimamizi waliokubali kufundishwa.

Njia, na tahadhari

Mbinu zilizotokana na historia hii hazihitaji fedha nyingi. Mtazame mtu akifanya kazi yake mahali anapoifanyia, si katika ukumbi wa mikutano. Tengeneza mfano wa awali wa karatasi kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu. Mpe mtu kazi halisi, mwombe afikiri kwa sauti, nawe ufunge mdomo. Ukimsaidia umeharibu jaribio. Jakob Nielsen, mmoja wa wataalamu wanaosikilizwa sana katika fani hii, amekuwa akitetea kwamba watu watano tu hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, mradi urekebishe kisha ujaribu tena na wengine watano. Idadi hiyo imebishaniwa, lakini hakuna anayebisha kwamba watano ni bora kuliko sifuri. Na wachague wale walio mbali nawe: mzee, mwenye simu ndogo, asiyeona vizuri, anayesoma kwa shida.

Ninayo tahadhari pia. Urahisi si haki. Ujuzi huuhuu unaoweza kumwokoa rubani unaweza kutumika kumnasa mtu. Mwaka 2010 mtaalamu wa Uingereza, Harry Brignull, aliupa jina usanifu unaokusudia kumghilibu mtumiaji: kujiunga kwa mguso mmoja, kujitoa kwa safari ya siku tatu. Mikopo ya simuni na michezo ya kubahatisha ni rahisi mno kutumia, na urahisi huo ndio unaowaumiza vijana wetu. Kwa hiyo baada ya kuuliza kama kitu kinatumika kwa urahisi, lazima tuulize kinamrahisishia nani, na ili apate nini.

Wala sisemi kwamba watu hawakosei. Tunakosea kila siku. Ninachosema ni kwamba neno "umekosea" lisiwe mwisho wa uchunguzi. Liwe mwanzo wake. Chapanis alilisikia neno hilo akaenda kuchungulia ndani ya ndege. Mtumishi anayesema "wengi wanakosea hapohapo" ameshafanya nusu ya utafiti. Kinachokosekana ni mahali pa kuupeleka, na mkubwa wa kuusikiliza bila kumwona mkorofi. Kama ningepewa nafasi ya kushauri jambo moja tu kabla mfumo wowote wa umma haujawashwa, ningeomba aliyeuagiza akae kimya nusu saa nyuma ya bibi mmoja anayeujaza.

Wiki kadhaa baadaye nilipita tena katika ofisi ile. Mfumo ulikuwa haujabadilika. Lakini kwenye kioo cha dirisha palikuwa pamebandikwa karatasi, imeandikwa kwa kalamu nene: TAREHE YA KUZALIWA: ANZA NA MWEZI. Nilimwuliza yule kijana nani ameibandika. Akatabasamu kwa woga, akasema ni yeye, na kwamba bado hajaulizwa. Nilimpongeza. Kile kilikuwa kigurudumu chake cha mpira.

Jioni nilimsimulia shangazi habari za marubani wa B-17, swichi mbili zilizofanana, na yale magurudumu yaliyokuwa yakikunjwa ardhini. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko chake cha darasani.

"Kumbe hata marubani!" alisema. "Na mimi walitaka kunizeesha bure."